Vioo Viwili, Jina Moja

Mume wangu hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia mwanamke amepigwa, swali la kwanza huwa huyo mume anakunywa nini. Alikunywa chai, tena bila sukari, kwa kuijali afya yake. Sigara hakuvuta. Hawara, kama alikuwepo, sikumjua. Mtaani walimwita Mhandisi, naye alilipokea jina hilo kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliyezidishiwa chenji na hataki kuirudisha. Uhandisi hakuwa nao. Alikuwa mchoraji. Ofisi za wasanifu majengo zilimpa kazi ya kuchora nyumba kwenye kompyuta, nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili mwenye kiwanja aione nyumba yake kabla hajachimba msingi.

Ukikutana naye njiani ungempenda. Mjane wa nyumba ya pili alikuwa akibebewa mtungi wa gesi mpaka jikoni kwake, na Mhandisi hakusubiri hata kupewa asante. Mwenye duka alizoea kuniambia, "Shemeji, wewe una bahati, wanaume kama hawa wamekwisha." Siku moja aliniambia hivyo nikiwa nimekwenda kununua sabuni, shavu langu limechanika kwa ndani. Niliitikia kwa kichwa. Kufungua mdomo kungeniuma.

Mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka kumweleza. Wengi mnaye jirani.

Tulikaa kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule. Kazi yangu ni kupiga pasi nguo za watu, na meza yangu ya pasi ilikuwa sebuleni, upande mmoja na mashine yake, kwa kuwa soketi nzima zilikuwa ukuta huo tu. Pazia lilikuwa limefungwa mchana kutwa ili mwanga usimpige kwenye skrini. Yeye ananipa mgongo anachora, mimi nanyoosha mashati ya watu, na joto la pasi na joto la mashine vinakutana katikati. Hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza kazi yake, basi alinieleza mimi. Hivyo ndivyo nilivyojua ninayoyajua. Shule sikwenda.

Jengo la kwenye kompyuta, alivyokuwa akisema, ni maboksi matupu. Ukishachora ukuta unauvika ngozi. Kuna ngozi ya saruji, ngozi ya mbao, ngozi ya vigae, na kuna ngozi ya kioo. Zote zilimtii isipokuwa hiyo ya mwisho. Shida ni kwamba kila ngozi ina sura mbili: moja unayoiona wakati unachora, nyingine inayotokea ukishaiambia mashine ipike picha ya mwisho ya kumpelekea mteja. Kupika ndilo neno lake. Wakati anachora, kioo kilikuwa chepesi chenye ubuluu kidogo, unaona mpaka viti vilivyomo ndani. Picha ikiiva, kioo hichohicho kinatoka cheusi kama masizi ya sufuria. Akikirekebisha upande wa picha, upande wa kuchora kinageuka ukuta mweupe. Akiazima mlango kwa mchoraji mwingine, unakuja na kioo chake cha kijani, na nyumba moja inakuwa na madirisha ya rangi tatu kama suruali ya viraka. Kutwa nzima alikuwa akihangaika kioo kiwe kimoja, kionekane kile kile popote utakapokitazamia.

Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na wapishi wawili. Aliyeunguza alikuwa yeye. Aliyepigwa ni mimi.

Ilianza siku alipogundua kwamba ujinga wangu una faida.

"Acha pasi. Njoo ukae hapa," aliniambia. "Niambie unaona nini."

"Mimi sijui ramani."

"Ndiyo maana nakuita. Wateja nao hawajui ramani. Ukielewa wewe, hakuna atakayeshindwa."

"Naona nyumba."

"Nyumba hata mbuzi anaiona. Dirishani unaona nini?"

Nilisogeza uso. "Naona weusi."

Akanipiga kofi. Hakuwa amekasirika. Alipiga kama mtu anayeua mbu, halafu akageukia mashine yake akaendelea kubonyeza.

Mara ya pili niliona nisijitafutie balaa. Nikasema naona kioo, tena kizuri. Akaituma picha. Mteja akampigia simu kuuliza kwa nini nyumba yake ina madirisha ya makaa. Jioni ile alinipiga kwa mkanda, na safari hii alikuwa na hasira, kwa sababu nilimdanganya. Hapo nikaelewa kwamba swali la kioo lina majibu mawili na yote yana kipigo. Kilichobaki ni kuchagua, na mimi nilichagua kusema ninachokiona, kwa kuwa kofi ni fupi kuliko mkanda.

Nilipata mimba tukiwa tumeshakata tamaa. Ilikuwa imeanza kuonekana pale alipochora nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara mmoja, yenye ngazi zilizozungushiwa vioo badala ya vyuma. Aliniita.

"Unaona nini?"

"Naona ngazi."

"Na pembeni ya ngazi?"

"Pembeni hakuna kitu. Mtu ataanguka."

Nilisema kweli. Kioo alikuwa amekifanya chepesi mno mpaka kimepotea. Lakini kazi ile alikuwa ameirudia mara nyingi, na mimi nilikuwa mtu wa karibu. Aliusukuma mguu wa kiti changu, nikaanguka chali, akanipiga teke la tumbo. Kisha jingine. Alikuwa amevaa viatu kwa sababu alikuwa anajiandaa kutoka. Mtoto alikuwa wa kike. Muuguzi aliniuliza imekuwaje, nikamwambia nilianguka kwenye ngazi. Akaniandikia dawa, akanipa pole. Nyumba yetu haikuwa na ngazi. Ngazi pekee zilikuwa zile za kwenye kompyuta.

Mama yake alikuja kunitazama. Alikaa kwenye kitanda changu, akanipangusa uso kwa ncha ya nguo yake, na mkono wake ulikuwa mwororo kwelikweli.

"Mwanangu," alisema, "huyu nimemzaa mimi. Akiwa na kazi, usimsogelee."

"Ananiita mwenyewe, mama."

"Akikuita nenda polepole."

Sikumwelewa, na mpaka leo sijui kwenda polepole kungenisaidia nini.

Halafu likaja suala la jicho. Ilikuwa benki, jengo la vioo kuanzia chini hadi juu. Alikuwa hajalala vizuri siku kadhaa. Aliniita asubuhi, chai yake bado ina mvuke. Nikatazama, nikaona jengo lote jeupe kama sabuni.

"Naona ukuta," nikasema.

"Ukuta?"

"Ukuta mweupe."

Aliichomoa kibodi na waya wake akanipiga nayo usoni, kwa ubavu. Kona yake ilinipata jicho la kushoto. Herufi ziliruka zikatawanyika chini, na nilipokuwa nimepiga magoti nikishika uso, aliniambia nizikusanye zote kabla hazijaingia chini ya kabati. Nilizikusanya kwa kupapasa, damu inadondokea juu yake. Alikaa akizipachika moja moja, akizifuta kwanza kwa kitambaa.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke wa rika langu. Alimulika, akazima taa, akamulika tena. Mhandisi alikuwa amebaki nje, maana alisema harufu ya hospitali inamtia kichefuchefu.

"Nani amekupiga?" aliniuliza.

"Mlango."

"Basi nenda kauambie mlango hivi. Ndani ya jicho hili kuna kitu kimeanza kubanduka. Nimekizuia. Ukipigwa tena upande huu, jicho limekwenda, wala mimi wala mwingine hatutalirudisha. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Tangu siku hiyo sikuwa na jambo jingine maishani ila jicho hilo. Mtoto alikwishakwenda, meno mawili yalikwishakwenda, nikasema hili haendi nalo. Nililala kwa ubavu wa kushoto, uso ukiwa umezama kwenye mto. Mkono wake wenye nguvu ulikuwa wa kulia, na mtu akikutazama usoni mkono wa kulia unakuja upande wako wa kushoto, basi sikukubali tena kutazamana naye. Nilimjibu nikiwa nimekaa upande. Nilimpa chai nikiwa nimekaa upande. Mwenye duka akaniuliza siku hizi mbona natembea kama kaa. Nilicheka naye, kwa kuwa ni kweli, nilitembea kama kaa.

Nilimweleza Mhandisi maneno ya daktari. Aliyasikiliza vizuri, hata akaacha kubonyeza.

"Basi tutakuwa waangalifu," alisema. Tutakuwa. Kama vile jicho tulikuwa tumelimiliki kwa ubia na wote tunalipiga.

Siri yangu niseme, kulikuwa na siku moja nzuri. Alikuwa amepigana na kioo wiki nzima, akafuta vioo vyote vya kuazima, vya kijani na vya kijivu, akatengeneza kioo kimoja tu. Akakipa sura zote mbili kwa mkono wake, ya kuchora na ya kupika, zikafanana. Kisha kila dirisha, kila mlango, akavika hicho kimoja. Ngozi zote akazipa majina ya Kiswahili, kwa sababu yale ya kigeni aliyokuta kwenye mashine yalikuwa marefu na hakuna aliyeyakumbuka: saruji, mbao, kigae, kioo. Aliniita. Nilikwenda upande upande. Nikatazama, na wallahi nikaona kioo. Nyuma ya kioo kulikuwa na meza, na juu ya meza chungu cha maua, na ua moja limeinama.

"Naona maua," nikasema.

Aliufunika uso kwa viganja, mabega yakamtetemeka. Siku ya pili yake aliniletea kitambaa cha gauni, chekundu. Nikakishona. Nikakivaa. Watu wanapenda kusikia kwamba mwanamke wa namna yangu hakucheka hata siku moja. Nilicheka.

Kwa kile kioo chake alipata sifa. Ofisi moja ya wasanifu ikampa kazi kubwa, hospitali ya akina mama, ya mwanamke mmoja tajiri waliyemwita Mama Kliniki. Ofisini alikuwepo msichana mchoraji aliyeitwa Miwani, aliyepewa kuchora bafu na vyoo, na kazi ya kuunganisha vipande vyote viwe jengo moja. Mhandisi alimpa amri kwenye simu, nikiwa nanyunyizia maji shati.

"Majina tuweke ya lugha yetu, dada. Tusichanganyane. Saruji iwe saruji, kioo kiwe kioo."

"Sawa kaka," Miwani akamjibu. Simu ile sikio lake lilikuwa limekufa, lazima uweke sauti ya nje, kwa hiyo kila alichoambiwa nilikisikia.

Yaliyotokea siku ya kumwonyesha Mama Kliniki sikuyaona. Miwani ndiye aliyenisimulia baadaye, alipokuja kunitazama. Anasema Mhandisi alivaa tai. Ukumbi ulikuwa umejaa, Mama Kliniki amekaa mbele na dada zake. Wakaingia ndani ya jengo, yaani picha ikawa inatembea kama mtu anayeingia, ikapita korido ikafika wodini. Kule wodini palitakiwa kuonekana madirisha makubwa na bustani nje. Bustani haikuwepo. Kila dirisha lilikuwa linaonyesha vitanda vilevile vya wodini, vimegeuzwa. Chumba cha kujifungulia, vivyo hivyo, ukuta mzima.

Mama Kliniki akauliza, "Mhandisi, bustani yangu iko wapi?"

"Iko nje, mama."

"Nje wapi? Mimi naona vitanda tu." Akamgeukia dada yake. "Yaani mwanamke anazaa huku anajitazama?"

"Achane nywele kabisa," dada mtu akasema. "Akitoka hapo anakwenda harusini."

Wakacheka ukumbi mzima. Miwani anasema Mhandisi naye alicheka. Akaomba radhi, akasema ni hitilafu ndogo ya mashine, akakusanya vitu vyake, akawafungulia wanawake mlango wapite. Mtu mstaarabu.

Nyumbani aliingia jua likiwa kichwani. Alifunga mlango taratibu, akaning'iniza tai kwenye msumari wake. Mimi nilikuwa na rundo la mashuka ya nyumba ya wageni, pasi ina moto.

"Nani amegusa mashine?"

"Hakuna aliyeigusa."

"Madirisha yote yamekuwa vioo."

Nataka mwelewe nilichosikia. Miaka yote ile mtu huyu alikuwa akilia kwamba madirisha yake hayawi vioo. Yanakuwa masizi, yanakuwa ukuta, yanakuwa sabuni. Sasa ananiambia yamekuwa vioo. Nilidhani ni habari njema. Nilidhani nitashona gauni jingine.

"Si ndivyo ulivyotaka?" nikamjibu, nikatabasamu.

Alidhani namcheka. Labda alisikia wale wanawake wa ukumbini. Alinifuata akanishika nywele, akanivuta mpaka kwenye mashine, akanisukumia uso kwenye skrini mpaka pua ikagonga. Nilijipinda ili shavu la kulia ndilo liende mbele. Aliniuliza nimebonyeza nini. Nikasema sijabonyeza. Akanigonga tena. Nikasema sijui hata pa kubonyeza. Pua ikapasuka, damu ikaingia mdomoni. Alinigeuza akanipiga ngumi ya mbavu, nikasikia kitu ndani kimelia kama kijiti kikavu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye jicho. Alizipiga mbavu, akapiga shingo, akanipiga magoti ya tumbo, na mimi sikuitoa mikono. Tumbo lilikuwa tupu, hakukuwa na mtu wa kumlinda humo. Nililinda jicho. Nilianguka, akanifuata na miguu, na bado vidole vyangu vilikuwa vimefumana juu ya jicho kama kifuniko.

Simu ikalia. Akahema, akasafisha koo, akapokea.

"Kaka, nimeipata," ilikuwa sauti ya Miwani, ina furaha. "Si kosa la mtu. Bafuni kwangu nimeweka kioo, cha kujitazamia. Wewe madirishani umeweka kioo, cha kuonea nje. Jina ni moja. Nilipounganisha, mashine imedhani ni kitu kimoja, ikabaki na changu, chako ikakitupa."

"Aisee," Mhandisi akasema.

"Sasa nimetenganisha. Chako nimekiita kioo dirisha, changu kioo uso. Nimepika upya, kimetoka safi, kwenye kuchora na kwenye picha. Bustani yote inaonekana. Mama Kliniki amekubali kurudi leo leo."

"Asante sana, dada yangu. Wewe ni kichwa."

"Usijali kaka. Nakutumia sasa hivi uhakiki. Msalimie wifi."

"Nitamsalimia."

Akaweka simu mezani. Nilikuwa nimeegemea mguu wa meza ya pasi, nimekaa chini. Nilishusha mikono. Hilo ndilo kosa nililolifanya siku ile, na si kosa, ni akili ya kawaida ya binadamu: jambo limekwisha, limejulikana, hakuna tena cha kunipigia. Sikutaka aniombe radhi. Nilidhani ataniletea maji.

Alijipangusa jasho, akanitazama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akainama, akanipiga ngumi jicho la kushoto, kwa nguvu zake zote, kutoka juu.

"Hiyo ni ya kusikia," akasema.

Uchungu haukuja kwanza. Ulikuja mwanga mweupe, halafu kama pazia linaloshuka kutoka pembeni, na upande ule dunia ikafungwa. Nilijua papo hapo. Mtu hahitaji daktari wa kumwambia.

Yeye alikwenda kukaa. Kazi ya Miwani ilikuwa imeingia, na alitaka kuihakiki kabla hajaondoka. Nilikisikia kiti kikivutwa, nikasikia kipanya kikibonyezwa, tik, tik. Alikuwa ananipa mgongo kama kila siku. Nilinyanyuka kwa kushika meza. Pasi ilikuwa imesimama kwa kisigino chake pale nilipoiacha, ina joto la mashuka, ambalo ndilo joto la juu. Niliichukua. Nilipiga hatua zangu, nikaushika mkono wake wa kulia pale ulipokuwa juu ya kipanya, nikaulazia pasi, nikaegemea kwa uzito wangu wote, mikono miwili, kama ninavyoegemea ukosi mgumu.

Alipiga yowe ambalo sikujua kama analo. Alijaribu kunisukuma kwa mkono wa kushoto, akanipiga kichwani, akanivuta gauni likapasuka. Nilikuwa nimezoea kupigwa, yeye hakuwa amezoea kuungua. Kipanya kiliyeyuka chini ya kiganja chake. Harufu ilikuwa ya plastiki, halafu haikuwa ya plastiki. Nilimwachia nilipotaka mimi.

Mjane wa nyumba ya pili ndiye aliyeingia kwanza. Alimkimbilia yeye.

Hospitali tulikalishwa kwenye benchi moja, maana benchi lilikuwa moja. Yeye mkono ameuinua umefungwa kitaulo chenye maji, analia kwa sauti ndogo. Mimi uso umevimba. Watu waliopita walimpa pole yeye. Alikuwepo askari pale mapokezi, kijana, akatuuliza kumetokea nini.

"Ajali ya pasi," Mhandisi akasema.

"Si ajali," nikasema. "Amenitoboa jicho, nikamchoma. Kwa makusudi."

Askari alinitazama mimi, akamtazama yeye, akakuna shingo.

"Mama, kwa maneno hayo nitawaweka ndani wote wawili. Tibiwani, mrudi nyumbani mkaelewane."

Daktari wa macho alikuwa yule yule. Alimulika mara moja tu. Hakuniuliza habari za mlango. Aliweka taa chini, akaanza kunisafisha.

Kaka yangu alinichukua kwake. Baada ya uvimbe kushuka, wakaitisha kikao, kwa mama mkwe. Baba mdogo wa Mhandisi ndiye aliyekaa katikati. Mhandisi alikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko, shati limefungwa vifungo na mtu mwingine, naye alisalimia kila mmoja, hata mimi.

Baba mdogo akasema wamesikiliza, wameona pande zote mbili zimeumia, na wanashukuru Mungu hakuna aliyekufa. Mwanamume hawezi hata kujifunga kifungo. Kazi zake zimesimama. Anahitaji mtu wa nyumbani.

"Mimi nimemsamehe," Mhandisi akasema. Alisema kwa upole, na nadhani alimaanisha.

Kaka akacheka kwa puani. Mama mkwe akamkata jicho.

"Mwanangu," mama mkwe akaniambia, "mkono wake hautapona wote. Daktari amesema vidole viwili vitabaki vimekunjwa. Hawezi tena kukupiga kama zamani. Sasa unaogopa nini?"

Walikuwa wananisubiri. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi, ya mtoto, ya meno, ya herufi nilizookota. Yote yaliniishia.

"Mama, macho yalikuwa mawili," nikasema. "Limebaki moja. Nikirudi nalo, siku moja litakuwa halipo, na mtakaa tena hapa mseme mnashukuru sikufa. Hili silipeleki."

"Hajasema atakupiga," baba mdogo akasema.

"Hajawahi kusema, baba. Huwa anafanya tu."

Mhandisi alitazama bandeji yake. Baba mdogo akaanza kueleza kwamba mke halali hawezi kuondoka kwa neno moja, kwamba vitu vya ndani vitabaki, kwamba nitajuta. Nikamwambia vitu vibaki. Nikasimama.

Upande wa kushoto sikuiona meza ya chai. Niliigonga kwa nyonga, vikombe vikalia, kimoja kikapinduka kikamwagika kwenye zulia.

"Taratibu mwanangu," mama mkwe akasema, akikiwahi kikombe, "hivi si vyangu, nimeviazima."

Kaka akanishika kiwiko aniongoze. Nikautoa mkono wake. Nilimwambia aniache nijifunze mwenyewe, kwa kuwa nitatembea hivi siku zote. Nikageuza kichwa chote upande wa kushoto, nikautafuta mlango mpaka nikauona, nikatoka.